Likizo Ndefu Isiwe Hasara kwa Watoto Wetu



Twaomba nafasi katika karatasi yetu hii tuseme neno juu ya jambo ambalo halitajwi katika mikutano ya tawi, nalo ni likizo ya watoto wa shule. Tunajua wako watakaocheka na kusema, "Hawa watu wa gengi wameacha mambo ya mshahara na masaa ya kazi, sasa wanataka kutufundisha kulea watoto." Sivyo, ndugu. Sisi pia twasema juu ya mshahara, ila ni mshahara wa kesho, wa wale watakaoshika nyundo na kalamu baada yetu.

Jambo lenyewe ni hili. Shule zikifungwa, watoto wa wafanya kazi wengi hawagusi kitabu mpaka siku zinapofunguliwa tena, na hivyo wanapoteza sehemu ya yale waliyoyapata kwa taabu na kwa fedha zetu. Twataka jambo hili likomeshwe, na twaona njia ya kulikomesha si ya gharama kubwa.

Kwanza tusimulie kisa kimoja. Mwenzetu mmoja, hatutamtaja jina, aliumia mkono akiwa kwa mwajiri mwingine kabla hajaja kazi yetu. Mwanzo wa Januari, shule zikiwa bado hazijafunguliwa, aliletewa karatasi ya Kiingereza atie sahihi ili apewe fedha kidogo. Yeye alisoma mpaka darasa la tatu tu. Akaomba apewe usiku mmoja, akaipeleka nyumbani, akampa binti yake aliyekuwa akiingia darasa la sita amsomee. Binti huyo ana akili, na mwezi wa Oktoba alikuwa ameleta ripoti nzuri. Lakini tangu siku ile hakuwa amefungua kitabu hata kimoja, maana nyumbani hakikuwamo. Alichota maji, alimlea mdogo wake, na alipopata kukaa alitazama simu ya mama yake. Basi aliisoma karatasi ile kama mtu anayetembea juu ya mataruma gizani, anakanyaga moja na kukosa jingine. Kila alipofika penye neno zito alilipita. Baba yake akamwuliza, "Inasema nini?" Naye akajibu, "Inasema utapewa pesa, baba."

Maneno aliyoyapita ndiyo yaliyosema kwamba akipokea fedha hizo hatadai kitu tena. Mwenzetu akatia sahihi. Miezi michache baadaye mkono ulizidi kuuma, akaenda kudai, akaonyeshwa sahihi yake mwenyewe.

Hatumlaumu mtoto. Karatasi za namna ile ni ngumu hata kwa watu wazima, na labda hata kama angesoma kila siku ya likizo asingeielewa yote. Lakini mtoto aliyezoea kusoma hujua jambo moja kubwa, kwamba neno usilolijua halirukwi, huulizwa. Angemwambia baba yake, "Hapa sielewi, tumtafute mwalimu," na mwenzetu angefika katika ofisi ya tawi kabla ya kutia sahihi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanya kazi asiyejua kusoma, au asiyejua lugha ya mkataba wake wa kazi, anaelezwa mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Ni sheria njema. Lakini ni nani anayejua kwamba ipo? Ni yule anayesoma, au yule mwenye mtu wa kumsomea.

Sasa tueleze kwa nini twataja likizo hasa, wala si shule. Sisi tunaofanya kazi ya njia tunajua tabia ya reli. Njia inayopitwa na treni kila siku hubaki safi, na ikiwa kuna kasoro huonekana mapema. Lakini njia isiyopitwa na treni huota nyasi, kokoto hushuka, misumari hulegea, maji ya mvua hula tuta. Wenzetu wanaikumbuka njia ya Nanyuki, jinsi ilivyokaa miaka mingi bila treni mpaka ikafufuliwa mwaka 2020. Waulizeni walioifyeka kazi ilikuwaje. Kichwa cha mtoto ni kama njia ile. Mwalimu ameitandaza reli, lakini ikikaa bila kupitiwa, mwezi wa Januari kazi ya kwanza ya mwalimu ni kufyeka nyasi badala ya kusonga mbele.

Na likizo zetu si fupi. Kuna ya Aprili, kuna ya Agosti, na kuna ile ndefu inayoanza karibu na mwisho wa Oktoba mpaka mwanzo wa Januari. Ukizijumlisha zote, utaona mtoto hukaa nyumbani zaidi ya robo ya mwaka. Robo ya mwaka si kitu cha kutupa. Mtoto anayemaliza miaka sita ya shule ya msingi bila kusoma likizoni amekaa zaidi ya mwaka mzima na nusu bila kitabu mkononi.

Wenzetu wa Marekani wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu, kwa sababu watoto wao nao hufunga shule wakati wa kiangazi, karibu miezi miwili na nusu. Katika mji wa Baltimore wataalamu waliwafuata watoto walioanza darasa la kwanza mwaka 1982, wakiwapima mwanzo na mwisho wa kila mwaka wa shule. Waliona kwamba shule zikiwa wazi, watoto wa maskini na watoto wa wenye nafasi walipiga hatua karibu sawa. Likizo ndiyo iliyowatenga. Watoto wenye vitabu nyumbani waliendelea, na wasio na vitabu walisimama au wakarudi nyuma. Wako wataalamu wengine waliopima tena miaka ya karibuni wakasema pengo hilo halikui kwa kiasi kile. Sisi hatuwezi kuamua ugomvi wao. Lakini hatujasikia hata mmoja aliyesema kwamba mtoto hudhurika kwa kusoma likizoni.

Kuna jaribio lingine lililotupendeza zaidi, maana lilionyesha dawa na si ugonjwa tu. Katika jimbo la Florida walimu wawili wa chuo kikuu, Richard Allington na Anne McGill-Franzen, waliwachukua watoto 852 wa shule 17 ambazo wanafunzi wake wengi ni watoto wa maskini. Kila mwaka kabla ya shule kufungwa, kila mtoto aliruhusiwa kuchagua vitabu 12 avitakavyo yeye mwenyewe, akaenda navyo nyumbani viwe mali yake. Walifanya hivyo miaka mitatu mfululizo. Hapakuwa na mwalimu wa likizo, wala mtihani, wala kiboko. Habari zake zilitolewa mwaka 2010: watoto waliopewa vitabu waliwashinda katika kusoma wenzao wasiopewa, na waliofaidika zaidi ni wale maskini kabisa. Fikirini, ndugu. Vitabu 12 tu, na mtoto kupewa haki ya kuchagua.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Sisi wenyewe hapa Kenya tulionja likizo ndefu kupita zote mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Shule zilifungwa katikati ya Machi. Mwezi wa Oktoba walirudi wa madarasa machache, na wengine wote hawakurudi mpaka Januari 2021. Kila mzazi aliona kwa macho yake. Katika nyumba zetu wako watoto waliorudi shuleni wakisoma kwa kidole, neno moja moja, na hali kabla ya kufungwa walikuwa wakisoma mbio. Wako pia wachache waliorudi wamekuwa hodari kuliko walivyoondoka. Tulipowauliza wazazi wao, hatukusikia habari za mwalimu wa nyumbani. Mmoja alikuwa na babu aliyemtaka amsomee gazeti kila jioni. Mwingine alikuwa na kasha la vitabu vya hadithi alivyoachiwa na shangazi yake mwalimu. Basi siri ndiyo hiyo.

Sasa tuseme ni kusoma kwa namna gani, maana hapa wazazi wengi tunakosea. Tunaposikia neno kusoma tunafikiri kitabu cha hesabu na maswali ya mtihani. Mtoto aliyetoka muhula mzima wa maswali ukimpa maswali tena, atakichukia kitabu kama sisi tunavyoichukia zamu ya Jumapili isiyo na malipo. Hatusemi juu ya masomo ya ziada ya kulipia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekwisha kukataza masomo hayo wakati wa likizo, na sisi twaiunga mkono, maana mtoto naye ni kiumbe na ana haki ya kupumzika kama mfanya kazi. Twasema juu ya kusoma kwa kupenda. Mpe hekaya za Abunuwasi acheke. Mpe hadithi za sungura na fisi. Mpe kitabu cha wanyama, cha mpira wa miguu, cha safari za baharini. Kiwe cha Kiswahili, kiwe cha Kiingereza, kiwe cha lugha ya nyumbani kwao, vyote vyafaa, maana ajuaye kusoma vizuri kwa lugha moja husaidika katika nyingine. Na kama amekichagua yeye, hata kama sisi twakiona cha mchezo, tumwache nacho. Tulipokuwa shule ya misheni padri alikuwa na kabati moja la vitabu, na funguo zilikaa mfukoni mwake. Jumamosi tulipewa kitabu alichotuchagulia yeye. Vingi tulivirudisha bila kuvimaliza. Kile kimoja tulichokiiba dirishani tulikisoma mpaka jalada likabanduka. Tulichapwa kwa wizi huo, na ilikuwa haki, lakini kusoma tulikokupata pale tunako hata leo.

Nusu saa kwa siku yatosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena tusifikiri kwamba vitabu ni vya watu wa ofisini tu. Historia ya vyama vyetu imejaa watu waliosoma. Makhan Singh, aliyeanzisha chama cha wafanya kazi mwaka 1935 hapa Nairobi, alifanya kazi katika mtambo wa kupigia chapa. Serikali ya kikoloni ilimfunga na kumweka kizuizini tangu 1950 mpaka 1961, na alipotoka aliandika historia ya vyama vya wafanya kazi wa Kenya, ikachapishwa mwaka 1969. Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya wa baraza la mji kabla ya kushika uongozi wa vyama. Sembene Ousmane wa Senegal alikuwa kuli bandarini Marseille. Elimu yake ya shule ilikuwa ndogo, lakini alisoma mwenyewe mpaka akaandika kitabu kikubwa juu ya mgomo wa watu wa reli ya Dakar na Niger, ulioanza Oktoba 1947 na kwisha Machi 1948. Na Shafi Adam Shafi wa Unguja amewaandikia watu wa Kiswahili kitabu kiitwacho Kuli, kinachosimulia taabu za makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Mtoto wa sekondari akikisoma kitabu hicho likizoni, atajua kwa nini baba yake hukatwa ada ya chama kila mwezi, bila sisi kumhubiria.

Tumesikia maneno ya wanaopinga, nasi twataka kuyajibu kwa adabu.

Wa kwanza asema, "Hakuna fedha." Ndugu, kitabu kidogo cha hadithi hupatikana kwa fedha zisizofika bei ya kilo moja ya nyama, na nyama huliwa siku moja, bali kitabu husomwa na watoto watano nyumba kwa nyumba. Tena viko vitabu vya bure. Bunge lilitunga sheria ya maktaba ya taifa mwaka 1965, na tangu hapo zimejengwa maktaba za umma katika miji mingi ya nchi. Huko Garissa mwaka 1996 walianza kuwapelekea watu vitabu kwa ngamia. Ikiwa ngamia ameweza kubeba vitabu katika jua la kaskazini, je, sisi watu wa reli, ambao kazi yetu ni kuchukua mizigo ya watu, tutashindwa na sanduku moja? Hapa Nairobi kuna maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuketi humo. Leo mlango u wazi, na matawi yake yako Kaloleni na Makadara, mitaa ya wafanya kazi. Haki iliyopatikana kwa taabu namna hii, kuiacha bila kuitumia ni aibu.

Wa pili asema, "Mtoto akikaa na kitabu, nani atachota maji na kupalilia?" Neno hili ni la kweli, nasi hatulidharau, maana katika nyumba zetu kila mkono una kazi. Lakini twaomba mzazi atazame vizuri ni mkono wa nani. Mara nyingi utaona mvulana amekwenda uwanjani kucheza, na msichana yuko jikoni tangu asubuhi mpaka usiku. Nusu saa ile igawanywe kwa haki, na kaka naye ashike ndoo. Yule binti wa mwenzetu hakukosa akili. Alikosa kitabu, na alikosa nafasi ya kukaa chini.

Wa tatu asema, "Mimi mwenyewe sijui kusoma, nitamsaidiaje?" Huyu ndiye tunayemheshimu kuliko wote, maana amesema kweli. Ndugu yetu, kazi yako ni rahisi. Keti, mwambie mtoto akusomee kwa sauti, kisha mwulize, "Halafu ikawaje?" Akijibu, mwulize tena, "Kwa nini?" Mtoto akijua baba au mama anangojea hadithi iendelee, hatalala kabla hajaimaliza. Na akifika penye neno asilolijua, usimwache alipite. Mwambie aliandike pembeni amwulize mwalimu au jirani. Kwa hivyo utamfundisha lile somo lililokosekana siku ile ya karatasi ya sahihi.

Wa nne asema, "Chama si shule." Twakubali, chama si shule. Lakini chama husimama juu ya watu wanaoweza kusoma. Nani ataandika barua ya malalamiko? Nani ataisoma mikataba tunayoandikiana na waajiri, kifungu kwa kifungu, agundue kilichofichwa? Nani ataisoma taarifa ya mfuko wa pensheni na kuuliza fedha zimekwenda wapi? Hata kazini, kanuni za usalama njiani zimeandikwa, na mtu anayeziruka maneno mazito anaweza kupoteza roho yake na za wenzake. Tukilea watoto wanaoruka maneno, baada ya miaka ishirini tutakuwa na chama cha watu wanaoruka maneno, na waajiri watafurahi.

Basi shauri letu kwa tawi ni hili, na twaomba liwekwe katika mambo ya mkutano ujao:

1. Tawi litoe kiasi kidogo katika mfuko wa ustawi, tununue vitabu 60 vya kusoma kwa kupenda, vya watoto wadogo na wakubwa, na vikae ndani ya sanduku lenye kufuli katika ofisi ya tawi.

2. Wanunuzi wasiwe sisi wazee peke yetu. Wachaguliwe watoto wanne, wavulana wawili na wasichana wawili, waende dukani pamoja na mwanakamati mmoja, wao wachague.

3. Kila mtoto wa mwanachama aazimwe vitabu viwili kwa wiki mbili, jina lake liandikwe katika daftari. Kitabu kikipotea, tusimwadhibu mtoto kwa kumfungia mlango, maana tutapoteza msomaji kwa ajili ya kitabu. Mzazi alete kingine akipata.

4. Mwanachama anayekwenda nyumbani shambani wakati wa likizo aruhusiwe kuchukua vitabu sita kwa pamoja, maana huko ndiko watoto wengi wanakokaa, na huko ndiko vitabu vilivyo haba.

5. Mwezi wa Januari watoto watakaopenda waje mkutanoni, kila mmoja asimulie kitabu kimoja alichokisoma. Zawadi isiwe kwa mshindi peke yake. Kila aliyesimulia apewe daftari na kalamu.

Sanduku la vitabu si jambo geni katika nchi hii. Ile East African Literature Bureau iliyoanzishwa mwaka 1948 ilikuwa ikipeleka masanduku ya vitabu kwa watu wasio na maktaba, na wengine wakipelekewa vitabu kwa posta. Bureau ile ilikwisha pamoja na Jumuiya ya kwanza mwaka 1977, lakini shauri lake halikufa. Yafaa tulishike tena kwa mikono yetu wenyewe, bila kungoja serikali wala mfadhili.

Ndugu zetu, mwenzetu yule wa mkono bado yuko kazini pamoja nasi, anashika koleo kwa mkono mmoja kwa nguvu na wa pili kwa kusaidia. Tulipomwambia tunataka kuandika habari zake, alikubali, akatupa sharti moja tu: kwamba vitabu vikinunuliwa, jina la binti yake liandikwe la kwanza katika daftari. Sisi tumekwisha kumwahidi. Sasa imebaki kwenu, wanachama, mtusaidie tusiwe waongo.

Ni sisi wenzenu,
Watu wa Gengi la Njia